Daftari la Mwaka wa Kuwait

Baba hakuwa mwandishi. Alikuwa fundi wa majiko ya mafuta,
duka lake upana wa mlango mmoja, Langoni,
na vidole vyake vilinuka taa hata siku ya Idi.
Lakini mwaka ule Kuwait ilipomezwa
na Ami Famau yuko huko, anaosha sufuria za hoteli,
baba alinunua daftari la hesabu
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
akachora safu kwa rula yangu ya shule.
Hakuirudisha.

Safu ya kwanza: London. Ya pili: Kairo.
Ya tatu: Ujerumani. Ya nne: Nairobi.
Ya tano aliiacha bila jina.

Saa tatu usiku, betri zilizoanikwa juani kutwa
kama dagaa
zilirudi tumboni mwa redio.
Tulikatazwa hata kukohoa.
London walisema mia. Kairo, mia tatu.
Nairobi walisema waziri amefungua kiwanda cha soda.
Baba aliandika yote, na soda pia.
"Mimi si kadhi," alisema. "Mimi ni chujio.
Chujio halionji chai."

Kisha dakani, kwa taa ya kandili:
Bwana Mshamu, mwenye wana wawili Dhahran,
mjane wa Shebwana kasimama pembeni na buibui lake,
kijana wa Faza anayenakili kwenye karatasi ya sukari
apelekee mama za watu kule kwao.
Maalim Twalib alisema, "Sema elfu, Lali, inapendeza zaidi."
Baba akafunga daftari.
Siku mbili hakusoma kitu.

Lakini ghorofani alikuwapo bibi,
miguu imemkataa, masikio yangali mazima.
"Yeo kuna nini?"
Na baba hugeuza daftari, huanzia nyuma,
kulia kwenda kushoto, mwandiko mdogo zaidi:
Huko Peru kuna saa ya mnara inayogonga mara kumi na tatu,
ya mwisho ni ya mbuzi wa meya.
Huko Japani yuko mzee anayefundisha nyenje kunyamaza.
Huko Aisilandi wamefunga ndoa ya visiwa viwili
na mahari hayajalipwa.
Bibi hucheka mpaka kitanda kinalia.
Kisha: "Na Famau?"
"Hajatajwa, mama. Asiyetajwa yu hai."

Famau alirudi kwa njia ya Amman,
na sanduku lililojaa nguo za mtu mwingine.
Tukampa daftari. Alipita safu kwa kidole,
akasimama kwenye usiku mmoja wa Agosti,
London hivi, Kairo vile.
Akaomba penseli.
Kwenye safu isiyo na jina akaandika: *kiu*.
Akaenda kuoga.

Sasa daftari liko kwenye kidaka changu, mchwa wameanza na Ujerumani.
Sihitaji betri. Kabla ya alfajiri simu inatetemeka:
binamu wa Aden, rafiki wa Khartoum,
video ambazo nazijua kwa uzito wake, sizifungui.
Nazituma mbele? Kwa nani? Ni nani alihesabu?
Nakaa na rula.

Na usiku mmoja, kwa ukaidi tu, nikatafuta.
Saa ya kumi na tatu haipo.
Mzee wa nyenje hayupo, si Japani, si popote.
Mtu yule yule, ambaye hakuongeza maiti hata mmoja
ili kumfurahisha Twalib.

Jana Swabra, mwanangu, miaka saba,
aliona uso wangu umepakwa mwanga wa simu.
"Mama, leo kuna nini?"
Kuna mia. Kuna mia tatu.
Nikalifuata daftari, nikaligeuza.
Nyuma imebaki karatasi moja, ina doa la mafuta ya taa.
"Yule mbuzi wa Peru," nilisema,
"anataka ya kumi na nne."
Akasogea. "Kwa nini?"
Hapo nikakwama. Nilikuwa sijafika huko.